Mtafiti wa mpakani anahitaji walezi zaidi ya mmoja

Mfanyabiashara anayetoka Musanze na mzigo wa viazi kuelekea mpaka wa Goma hupita Mahoko, kituo cha biashara cha kata ya Kanama, wilayani Rubavu. Wote wanaopita hapo wanaujua Mto Sebeya. Wakati wa kiangazi ni mto mtulivu, unaozungusha mitambo ya umeme na kutoa maji yanayosafishwa kwa ajili ya mji wa Gisenyi. Wakati wa masika mto huo hubadilika. Usiku wa Mei 2 kuamkia Mei 3, 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia vibaya. Nyumba zilikwenda na maji, bidhaa zilikwenda na maji, lakini madeni ya waliokopa mzigo yalibaki palepale.

Swali la Sebeya ni la nani? Mtaalamu wa maji atapima kina cha mto na kasi yake. Mtaalamu wa udongo atapanda hadi milima ya Gishwati, msitu uliowahi kufikia takriban hekta 28,000, ukakatwa hadi kubaki mamia machache ya hekta, kabla ya kuanza kurejeshwa na kufanywa hifadhi ya taifa pamoja na Mukura mwaka 2015. Mwanahistoria ataeleza kwa nini watu walikata miti hiyo, nani alihamia huko na alikuwa anakimbia nini. Mhandisi atazungumzia kingo na mabwawa. Mchumi atauliza kwa nini muuza kabeji anarudi kujenga kibanda palepale kilipobomoka. Kila mmoja ana kipande cha jibu, na hakuna kipande kimoja kinachotosha kumkinga mtu wa Mahoko dhidi ya masika yajayo.

Ndiyo maana vyuo vikuu vya ukanda huu vinahimiza utafiti unaovuka mipaka ya fani. Maneno hayo yamo katika mipango, katika hotuba na katika maombi ya fedha za wafadhili. Kinachosahaulika ni kwamba utafiti wa namna hiyo hufanywa na watu, na mara nyingi hufanywa na kijana anayesomea shahada ya uzamili au uzamivu. Kijana huyo hulelewa na nani?

Chukua mfano wa binti wa Kanama aliyekulia kwenye meza ya mama yake sokoni, akafaulu, akafika chuo kikuu, na sasa anataka kuchunguza jinsi mafuriko ya Sebeya yanavyobadilisha bei na mikopo ya wanawake wanaovuka mpaka. Idara ya jiografia inamwambia kuwa habari za mikopo ni za uchumi. Idara ya uchumi inamwambia kuwa habari za mto ni za jiografia. Akipewa wasimamizi wawili, wa kwanza anataka ramani na vipimo, wa pili anataka hesabu za kaya. Sura moja inaandikwa mara tatu. Mwaka unapita, karo inakwisha, na hatimaye binti anachagua mada nyembamba iliyo salama, inayomfurahisha mwalimu mmoja. Anapata shahada yake. Mahoko haipati jibu.

Hasara hiyo haionekani katika takwimu za chuo chochote, kwa sababu kijana amehitimu. Lakini ni hasara ya kweli, na wa kwanza kuilipia ni wale ambao maisha yao hayakugawanywa kwa idara. Mfanyabiashara wa mpakani hana siku ya jiografia na siku ya uchumi. Mvua, bei, ugonjwa, forodha na thamani ya faranga humjia kwa pamoja, mara nyingine asubuhi moja.

Wafanyabiashara wenyewe wanajua malezi ya namna hii, ingawa hawayaiti ya kitaaluma. Hakuna mwanamke aliyeijua biashara ya Petite Barrière kwa kufundishwa na mtu mmoja. Mama au shangazi alimfundisha kuchagua kiazi kizuri na kukataa kilichooza. Mwenzake aliyetangulia kuvuka alimwonyesha karatasi zinazotakiwa na dirisha la kupanga foleni. Mteja wa Goma alimfundisha, pengine kwa hasara, nani wa kukopesha na nani wa kulipwa papo hapo. Mbadili fedha alimzoesha kuhesabu kwa faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola bila kupoteza faida katikati. Walezi wanne, kila mmoja na elimu yake, na mwanafunzi mmoja aliyeunganisha yote kichwani mwake. Angemsikiliza mmoja tu, angefilisika kabla ya mwaka kwisha.

Gharama ya kukosa watu waliolelewa kuunganisha mambo ilionekana wazi wakati wa Ebola. Mlipuko uliotangazwa mashariki mwa Kongo Agosti 1, 2018 ulidumu hadi Juni 25, 2020, ukaua watu 2,287. Sayansi ya tiba haikuwa imelala. Kulikuwa na chanjo. Kulikuwa pia na jaribio la dawa lililofanyika katikati ya vita, likiongozwa kutoka taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Kongo, INRB, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtu aliyekuwapo Yambuku mwaka 1976 ugonjwa huo ulipojulikana kwa mara ya kwanza. Moja ya dawa zilizothibitika ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995. Katika matokeo ya jaribio hilo, jina la kwanza lilikuwa la daktari Mkongomani wa kizazi cha vijana, Sabue Mulangu. Hayo ni matunda ya malezi ya muda mrefu, ya mzee aliyetoa nafasi kwa vijana wake.

Hata hivyo, Februari 2019 vituo vya tiba vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Watu waliokufa kwa vita miaka nenda miaka rudi bila msaada walijiuliza kwa nini magari ya kifahari yamefika kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Swali hilo halikuwa la maabara. Lilihitaji mtu anayeijua homa na kuijua historia ya Beni, anayesoma majibu ya vipimo na kusikiliza maneno ya msibani. Watu wa namna hiyo walikuwepo, lakini wachache, na wengi wao walijifunza kazi hiyo moto ukiwa tayari umewaka.

Kisha ugonjwa ukafika Goma. Mgonjwa wa kwanza mjini humo alithibitishwa Julai 2019, na Agosti 1 mpaka wa Rubavu ukafungwa kwa saa kadhaa. Wafanyabiashara wanaikumbuka siku hiyo. Nyanya hazingoji tangazo. Mpaka ulipofunguliwa, kazi iliendelea kwa kunawa mikono na kupimwa joto la mwili, utaratibu uliowaacha watu wapite huku ukilinda afya zao. Huo ndio mfano wa jibu lililochanganya fani. Daktari akiwa peke yake anaweza kusema funga. Mchumi akiwa peke yake anaweza kusema fungua. Anayeweza kusema watu wapite kwa namna gani, kwa mistari mingapi na saa ngapi, ni yule aliyekaa na wote wawili kwa muda wa kutosha.

Ukanda huu una historia nyingine ya malezi ya kitaaluma, nayo iko karibu sana na Kanama, kwenye milima ya volkano inayoonekana kutoka Rubavu. Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete nchini Kenya, alikuwa mtu wa mambo ya kale na mifupa ya binadamu wa zamani. Aliamini kuwa mifupa peke yake haiwezi kueleza jinsi binadamu wa kale alivyoishi, hivyo akatafuta watu wa kuwachunguza nyani wakubwa walio hai. Alimtuma Jane Goodall kwa sokwe wa Gombe, Tanzania, mwaka 1960. Alimtuma pia Dian Fossey, aliyekuwa akifanya kazi ya kuwasaidia wagonjwa hospitalini Marekani, kwa sokwe wa milimani wa Virunga. Fossey alianzia Kabara, upande wa Kongo, mapema mwaka 1967. Vurugu zilipomwondoa Julai mwaka huohuo, alivukia Kisoro, Uganda, kisha akaingia Rwanda, na Septemba 24 akaanzisha kambi ya Karisoke kati ya milima Karisimbi na Bisoke. Kazi yake ilivuka mpaka kama mzigo wowote wa biashara unavyovuka.

Katika habari hiyo kuna walezi watatu. Leakey alifungua mlango, akatafuta fedha, akamwamini mtu ambaye wengine wangemwuliza vyeti. Lakini hakuwa mtaalamu wa tabia za wanyama. Mlezi wa pili, Robert Hinde wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliwafundisha Goodall na Fossey namna ya kuandika walichokiona ili mtu mwingine aweze kukipima. Mlezi wa tatu alikuwa Sanwekwe, mfuata nyayo wa Kongo, ambaye kabla ya hapo alikuwa amemwongoza mtafiti George Schaller katika misitu hiyohiyo. Huyo ndiye aliyemfundisha Fossey kusoma jani lililovunjika na kinyesi kilichopoa. Bila Leakey asingefika. Bila Hinde asingeaminika. Bila Sanwekwe asingemwona sokwe hata mmoja.

Watu wa dunia nzima wanamjua Leakey. Wasomi wanamjua Hinde. Ni wangapi wanamjua Sanwekwe? Hapo ndipo kosa la zamani lilipo, na halifai kurudiwa. Mwenye elimu ya mahali, anayemfundisha mtafiti kile ambacho hakuna kitabu kimekieleza, huitwa msaidizi, dereva, mkalimani au mtoa taarifa. Kazi aliyoifanya ni ya mlezi. Muuza viazi wa Mahoko anayemweleza mwanafunzi wa chuo jinsi anavyojua, kwa kuangalia rangi ya maji ya Sebeya, kwamba kesho haendi Goma, naye ni mlezi.

Wapo watakaopinga. Waswahili walisema mshika mbili moja humponyoka, na walimu wengi wa vyuo hulitumia neno hilo kumrudisha mwanafunzi kwenye fani moja. Wana hoja. Kijana asiyejua vizuri fani hata moja hawezi kuunganisha mbili. Atakuwa mtu wa maneno ya juujuu katika kila chumba. Wengine hukumbusha kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, na kwamba wasimamizi wawili wakikosana, anayeumia ni mwanafunzi. Hilo nalo ni kweli, na wanafunzi wengi wanaweza kulitolea ushahidi.

Lakini hoja hizo zinaonyesha jinsi malezi yanavyopaswa kupangwa. Hazionyeshi kwamba yaachwe. Fahali wawili hugombana wasipojua mpaka wa malisho. Wasimamizi wawili wanapokutana na mwanafunzi wao siku ya kwanza, wakaandika nani anaongoza, nani anasoma sura ipi, watakutana kila baada ya muda gani, na wakitofautiana nani ataamua, ugomvi mwingi hufa kabla ya kuzaliwa. Wafanyabiashara wawili wanaonunua lori moja la vitunguu hufanya hivyo kwa dakika kumi. Haiwezi kuwa kazi ngumu kwa maprofesa.

Wala si jambo la kubuni upya. Tangu mwaka 2008, muungano wa vyuo na taasisi unaoitwa CARTA, unaoongozwa na kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha APHRC jijini Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, umekuwa ukilea wanafunzi wa uzamivu katika afya ya jamii. Chuo Kikuu cha Rwanda ni mmoja wa wanachama, pamoja na Makerere, Nairobi, Moi na Taasisi ya Afya ya Ifakara ya Tanzania. Wanaochaguliwa hutoka fani tofauti: wauguzi, wanatakwimu, wanasosholojia na wengineo. Hukutanishwa katika semina za pamoja kwa hatua, tangu kutunga swali hadi kuandika matokeo, na wasimamizi wao pia hupewa mafunzo ya namna ya kusimamia. Jambo hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kulea mtafiti ni kazi inayofundishwa. Kuwa na shahada ya uzamivu hakumfanyi mtu kuwa mlezi, kama vile kuwa na lori hakumfanyi mtu kuwa dereva.

Upungufu ni kwamba utaratibu kama huo umebaki kwa wachache na kwa fani chache. Mto, udongo, soko, forodha, ziwa na volkano vinausubiri. Mlima Nyiragongo ulipolipuka Mei 22, 2021, maelfu ya watu wa Goma walikimbilia Rubavu, na matetemeko yaliyofuata yalipasua majengo pande zote mbili. Volkano iko Kongo, nyufa zikaonekana Rwanda. Mwanafunzi atakayechunguza namna miji hiyo miwili inavyoweza kujiandaa kwa tukio jingine anahitaji mlezi wa miamba, mlezi wa majengo na mlezi anayejua jinsi watu wanavyoamua kukimbia au kubaki. Pia anahitaji mlezi mmoja kutoka kila upande wa mpaka.

Msingi wa kisheria na kihistoria upo. Kati ya mwaka 1963 na 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliyoanzishwa mwaka 1976 na kuweka makao yake Gisenyi, ilikuwa na taasisi yake ya utafiti wa kilimo na mifugo, IRAZ, huko Gitega nchini Burundi. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala likabeba jukumu la kulitekeleza. Kongo ilipokelewa katika Jumuiya mwaka 2022. Kwa karatasi, mwanafunzi wa Kanama na profesa wa Goma wako katika nyumba moja. Kwa vitendo, hali ya usalama na siasa imeifanya nyumba hiyo iwe na vyumba visivyofikika kirahisi. Hiyo ni sababu zaidi ya kuwa na utaratibu ulioandikwa, usiotegemea urafiki wa walimu wawili wala siku njema za mpakani.

Mambo matatu yanawezekana bila kungoja fedha nyingi.

La kwanza ni la vyuo. Kila mwanafunzi wa utafiti unaovuka fani aanze na mkataba wa malezi ulioandikwa, wenye msimamizi kiongozi mmoja anayejulikana, na kazi ya msimamizi wa pili ihesabiwe katika kupandishwa cheo sawa na ya wa kwanza. Mwalimu anayepewa sifa kwa mwanafunzi wa idara yake tu atamlea huyo tu. Hakuna wa kumlaumu. Hata mchuuzi hubeba mzigo wenye faida.

La pili ni la Baraza la Vyuo Vikuu. Liweke kanuni moja ya usimamizi wa pamoja wa kuvuka mpaka, ili jina la mlezi wa Kampala, Kigali, Dar es Salaam au Goma lipokelewe katika chuo chochote cha Jumuiya bila mwanafunzi kuzunguka ofisi kwa miezi. Wafanyabiashara wanajua thamani ya karatasi moja inayokubalika pande zote.

La tatu ni la wafanyabiashara wenyewe kupitia vyama vyao vya ushirika. Mwanafunzi akifika Mahoko au Petite Barrière na maswali yake, chama kimteulie mtu mzima wa kumwongoza, na kimwekee masharti. Daftari la mauzo na madeni ni hazina ya utafiti: linaonyesha siku ambazo mto ulikata njia na wiki ambazo wateja walishindwa kulipa. Lakini ni daftari la siri za watu. Mwenye daftari ana haki ya kujua nani atalisoma, majina yatafichwaje, na kwamba halitaishia mezani kwa mtu asiyehusika. Mlezi mzuri wa chuoni humfundisha kijana kulinda siri hizo kabla hajamfundisha kuzijumlisha. Na kazi ikikamilika, irudishwe sokoni kwa Kinyarwanda na Kiswahili, isomwe mbele ya waliotoa muda wao, na jina la aliyeongoza liandikwe, akiridhia, kama mmoja wa walezi.

Masika yatarudi Kanama. Sebeya haitauliza kama swali lake limepangiwa idara. Kati ya watoto wanaowasaidia mama zao kuhesabu chenji Mahoko leo, yumo anayeweza kulijibu, kwa sababu tayari anaujua mto na anaijua bei. Anachohitaji ni watu wazima watatu au wanne watakaokubali kukaa meza moja kwa ajili yake, kila mmoja akileta anachokijua, na mmoja wao akitoka palepale sokoni.